Sinia Data Injinia Si Sinia ya Pilau: Hii Ndiyo Kazi Iko Nyuma ya Kila Risiti ya Supa

Siku nilimpigia mathe kumwambia nimepandishwa cheo kuwa sinia data injinia, kitu ya kwanza aliuliza ni kama sasa nitakuwa napika kwa harusi. Sikumlaumu. Kwetu sinia ni ile ya pilau, na injinia ni msee wa barabara mwenye kofia ngumu.

Si yeye pekee. Mbogi ya mtaa inadhani kazi yangu ni kutengeneza laptopu, ndio maana kila wikendi kuna mtu ananiletea simu ya kioo imepasuka. Landilodi naye ameamua mimi ni wa kubeti, juu huwa ananiona saa nane usiku niko macho nikiangalia namba. So leo wacha niwaeleze mara moja, nipumzike. Hii ni kazi ya data kwenye biashara ya rejareja, yaani supamaketi na maduka, na ina uhusiano na wewe kuliko unavyodhani.

Risiti moja, safari ndefu

Tuanze na kitu unajua. Ni jioni, umeshuka mat, unapitia supa kuchukua mkate, maziwa na unga. Keshia anaskani, mashine inalia tiii, unalipa na M-Pesa, unapewa risiti, unaitupa kabla ufike kwa mlango. Kwako hiyo stori imeisha. Kwangu ndio inaanza.

Hiyo tiii ina miaka mingi. Bidhaa ya kwanza kuskaniwa kwa bakodi dukani ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, tarehe 26 Juni 1974, kwa supamaketi ya Marsh mji wa Troy, Ohio, Marekani. Leo bakodi nyingi unaona kwa shelfu zetu zina tarakimu 13. Zikianza na 616, kampuni imesajili hizo namba hapa Kenya. Haimaanishi lazima kitu kimetengenezwa Kenya, na hapo wengi hujichanganya. Tarakimu ya mwisho nayo hupigiwa hesabu kutoka zile 12 za kwanza, ndio mashine ikisoma vibaya ijue na ikatae.

Sasa hapa kuna kitu wasee wengi hawajui: ndani ya bakodi ya mkate hakuna bei. Ni namba tu. Tili inachukua hiyo namba, inaenda kwa orodha yake, inatafuta bei. So ukiona shelfu imeandikwa 120 na tili inakuitisha 135, mara nyingi si keshia anakuhanda. Ni orodha mbili hazijaongea. Mtu alibadilisha bei kwa ofisi kuu, ikafika kwa tili, lakini karatasi ya shelfu haikubadilishwa. Ama kinyume chake. Kusafirisha hiyo bei mpya kutoka ofisi kuu hadi kwa kila tili ya kila tawi, kabla duka lifunguliwe asubuhi, ni moja ya kazi zetu.

Baada ya kulipa, risiti yako inageuka kuwa mistari ya data: tawi gani, tili gani, saa ngapi, bidhaa gani, ngapi, bei gani, VAT ngapi, umelipa kesh ama M-Pesa. Hiyo mistari inatakiwa na watu wengi. Watu wa hesabu wanataka kujua doh. Watu wa stoki wanataka kujua kama mkate umebaki. Wanunuzi wanataka kujua waagize unga ngapi. Msambazaji anataka kujua maziwa yake yametoka kiasi gani. Na mkubwa anataka grafu ya kupanda, hata kama mauzo yameshuka.

Fikiria maji ya mtaa. Kuna wenye wanakunywa, kuna wenye wanapika nayo. Data injinia ndiye fundi wa mifereji. Anachukua maji kwa mto, anayasafisha, anayajaza kwa tangi, anahakikisha ukifungua mfereji yanatoka safi. Hakuna mtu humkumbuka fundi hadi siku mfereji ukauke, ama maji yatoke na rangi ya chai.

Vifaa vyetu ndio hivi: SQL ya kuuliza databesi maswali, Python ya kuandika programu, Airflow ya kupanga kazi gani ianze saa ngapi, Kafka ya kupokea data inayokuja mfululizo, na Spark data ikiwa nyingi kuliko kompyuta moja inaweza kubeba. Lakini ukiniuliza kazi yenyewe ni nini, sitakutajia hizo. Nitakupea hii stori.

Shoti ya thao 38

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwisho wa mwezi. Meneja wa tawi moja akanipigia. Hakuwa ananitafuta mimi, alikuwa anatafuta mtu yeyote wa sistemu. "Injinia, hebu nitolee ripoti ya tili namba saba ya Jumamosi. Nataka kuiweka kwa faili ya keshia."

Nikamuuliza faili ya nini. Akasema dada wa tili saba ako na shoti. Kama hujawahi kuwa keshia, shoti ni ule wakati unafunga tili, pesa ndani ya droo ni chache kuliko ile sistemu inasema uliuza. Ya soo mbili hutokea, umekosea chenji, inaisha hivyo. Hii haikuwa ya soo mbili. Sistemu ilisema tili saba iliuza kesh ya shilingi 186,420. Droo ilikuwa na 148,280. Shoti ya 38,140.

Manze. Hiyo kwa keshia si pesa ya kuangukia kwa shimo. Alikuwa ameshaandikiwa barua ajieleze. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa, kama zimepungua kwa uzembe wake ama kwa kukosa uaminifu. Yaani hapo alikuwa anaangalia mshahara ukienda, halafu kazi iende, halafu jina liende. Ukishaitwa mwizi kwa tili moja, nani atakupa tili ingine?

Ningetuma tu ile ripoti nirudi kwa chai yangu. Namba zilikuwa kwa dashibodi, na hiyo dashibodi niliijenga mimi. Lakini kitu kilinisumbua: hiyo shoti ilikuwa kubwa sana na ya siku moja tu. Mtu wa kuiba hachukui thao 38 kwa shifti moja mbele ya kamera. So nikafungua mistari yenyewe, risiti kwa risiti.

Saa moja jioni ya Jumamosi kulikuwa na kitu. Risiti zilikuwa zinakuja vizuri, halafu kimya kama dakika arobaini, halafu zikaja nyingi pamoja kama watu wa mat ya mwisho. Nikachukua namba za risiti nikazihesabu. Risiti 61 zilikuwa zimetokea mara mbili. Namba ile ile, saa ile ile, mkate ule ule. Nikajumlisha zile za marudio: shilingi 38,140. Hadi shilingi ya mwisho.

Yule dada hakuwa ameiba hata ndururu. Bomba langu ndilo lilihesabu mauzo yake mara mbili, halafu likamwambia bosi wake pesa iko wapi.

Ilitokea aje?

Hapa ndio kiini cha hii kazi, so skiza vizuri.

Tili haiamini intaneti, na iko sawa kutoiamini. Stima ikipotea ama laini ikikatika, haiwezi kuambia foleni ya watu ishirini wangoje. Inauza tu, inaweka risiti kwa kumbukumbu yake, laini ikirudi inazituma kwa seva. Seva ikizipata inajibu, "Nimepata." Tili ikiskia hivyo, inatulia.

Sasa fikiria tili imetuma, seva imepata na kuandika, lakini laini inakatika kabla lile jibu lifike. Tili inajua nini? Haijui kitu. Kwake, haijajibiwa. Iko na njia mbili: inyamaze, na pengine mauzo yapotee, ama itume tena, na pengine yahesabiwe mara mbili. Sistemu nyingi huchagua kutuma tena, na ni uamuzi mzuri. Lakini unamaanisha msee wa upande wa kupokea lazima ajue kutambua kitu alishapokea.

Ni kama umemtumia mtu pesa, ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa. Ukituma tena bila kuangalia salio, unaweza kuwa umelipa mara mbili. Ndio maana kila muamala wa M-Pesa uko na kodi yake yenyewe: kodi ikiwa ile ile, ni pesa ile ile.

Kosa langu ni kwamba kila mstari ukiingia, programu yangu iliupea namba mpya na kuukubali, bila kuuliza kama huyu ni mgeni ama ni yule wa jana amebadilisha shati. Miezi mingi haikuonekana, juu laini ilikuwa poa. Kosa lilikuwa limekaa tu likingoja Jumamosi mbaya.

Kurekebisha kunakaa rahisi: futa zenye namba ya risiti inafanana. Zii! Ukifanya hivyo unaharibu zaidi. Kwa ile sistemu, kila tili ilianza kuhesabu risiti zake upya kila siku. So risiti namba 45 ilikuwa kwa tili ya kwanza, kwa tili saba, kwa kila tawi, jana na leo. Ukifuta kwa kuangalia hiyo namba pekee, unafuta mauzo ya ukweli. Kitambulisho cha ukweli kilikuwa vitu vinne pamoja: tawi, tili, tarehe na namba ya risiti. Nikaweka hivyo. Halafu nikaongeza askari mwingine: kila usiku, jumla ya databesi yetu inalinganishwa na ile ripoti ya kufunga tili, ambayo tili inaihesabu yenyewe bila kupitia kwa bomba. Zikitofautiana, sistemu inanipigia mimi kabla mtu yeyote amwandikie keshia barua.

Nilipiga simu tawini saa hiyo hiyo, nikaandika barua pepe kwa mkubwa wa hesabu nikisema kosa ni letu na si la keshia, nikaweka zile risiti 61 hapo. Barua yake ikafutwa. Halafu nikarudi nyuma miezi yote kuangalia kama kuna keshia mwingine alikatwa kwa sababu hiyo. Hiyo sehemu hakuna mtu aliniambia nifanye. Nilipata wawili, shoti ndogo ndogo, wakarudishiwa pesa yao.

Vitu vitatu huninyima usingizi

Ukidhani stori ni ya risiti kurudi mara mbili pekee, bado. Rejareja iko na mitego yake.

Wa kwanza ni saa. Seva nyingi duniani hutumia saa ya UTC, na Kenya iko mbele kwa masaa matatu. Yaani siku mpya ya seva inaanza saa tisa usiku yetu. Kama duka halilali na hukugeuza saa, mauzo ya saa nane usiku tarehe 1 Januari yanaandikwa tarehe 31 Desemba, mwaka uliopita! Halafu watu wa hesabu wanafunga mwaka na namba za uongo.

Wa pili ni yoghurt. Umechukua sita, tatu za stroberi na tatu za vanila. Bei ni moja, foleni ni ndefu, keshia anaskani ya stroberi moja halafu anabonyeza sita. Umelipa sawa, droo iko sawa. Lakini sistemu inadhani stroberi sita zimeenda na vanila zote ziko. Rudia hivyo wiki mbili: vanila zimeisha kwa shelfu, sistemu inasema ziko, so haiagizi. Tunaita hiyo stoki hewa. Ukikosa kitu unachopenda kila ukienda na hakuna mtu anakileta, pengine ni hewa imejaza shelfu. Data injinia hawezi kumzuia keshia, lakini anaweza kuweka alama: bidhaa inauza kila siku, halafu ghafla siku nne hakuna hata moja na sistemu inasema ziko kumi na nane? Tuma mtu akaangalie kwa macho.

Wa tatu ni VAT. Bidhaa ya shilingi 116 yenye VAT ya asilimia 16, shilingi 16 ni ya KRA na 100 ni ya duka. Lakini unga wa mahindi na mkate wa kawaida kiwango chake ni sufuri. So mkutano mmoja, watu wawili wanasema neno "mauzo", mmoja anamaanisha pamoja na ushuru, mwingine bila. Wanabishana saa nzima na wote wako sawa. Kazi yangu ni kuhakikisha kampuni yote ina maana moja ya hilo neno, imeandikwa mahali, na dashibodi zote zinaifuata.

Sasa usinia uko wapi?

Wengi hudhani sinia ni msee anajua vifaa vingi. Hapana. Data injinia mchanga ukimwambia "tunataka ripoti", anauliza atumie kifaa gani. Sinia anauliza: ni nani ataisoma, ataamua nini nayo, na ikikosea ni nani ataumia?

Hilo swali la mwisho ndilo nilikosa kuuliza nikijenga ile dashibodi ya tili. Nilidhani ni ya kuonyesha mauzo. Sikufikiria kuna mtu ataitumia kumhukumu mwenzake.

Sinia pia anajua kukataa. Mkubwa akikuja na, "Tunataka kuona stoki kila sekunde," unamuuliza lori la unga linakuja mara ngapi. Kama ni mara moja kwa siku, hiyo ya kila sekunde ni kuchoma ganji ya seva bure. Ripoti ya saa kumi na moja asubuhi, iliyo sahihi, inamshinda dashibodi ya kumetameta yenye inadanganya.

Na sinia hubeba simu ya usiku. So ukienda intavyu, usiulize mshahara pekee. Uliza pia: bomba likipasuka saa tisa usiku, ni nani anaamshwa, na mara ngapi kwa mwezi?

Ile kadi ya pointi

Kuna upande mwingine lazima tuuseme. Ukipeana kadi ya pointi, kile ulinunua kinafungwa kwa jina na namba yako. Nepi zimeanza mwezi huu? Dawa fulani kila wiki? Yote iko hapo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hiyo data ni yako: uko na haki ya kujua inatumika kwa nini, kuiona, na kuomba irekebishwe. Kampuni ikivunja sheria, Kamishna wa Data anaweza kuipiga faini ya hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hizo mbili.

Lakini sheria haisomi databesi. Kwa ofisi, ni data injinia ndiye anaamua nani anaona nini. Mtu wa stoki anahitaji kujua nepi ngapi zimeenda, hahitaji kujua ni zako. Msee wa data akikosa kufunga huo mlango, yeyote mwenye paswadi anaweza kuangalia eksi wake alinunua nini.

Unataka kuingia?

Huhitaji laptopu ya laki mbili. Anza na SQL, juu hiyo utaitumia kila siku hadi ustaafu. PostgreSQL ni ya bure. Ongeza Python. Hizo zingine utazijifunza kazini.

Halafu fanya hii projekti, ni kali kuliko vyeti vingi kwa CV. Kusanya risiti zenu za nyumbani za miezi miwili, ama kitabu cha duka la mathe. Ziingize kwa databesi. Jumlisha matumizi ya kila wiki. Sasa hapa ndio mtihani: ingiza faili ile ile mara ya pili, makusudi. Jumla ikibadilika, bado uko na kazi. Ikikaa vile ilikuwa, umeshaelewa kitu mimi nilikielewa nikiwa nimechelewa, tena kwa mgongo wa mtu mwingine.

Yule dada bado ako tili saba. Hanijui. Siku moja nilipita pale nikanunua mkate na maziwa, nikapanga foleni yake hata kama ile ya kando ilikuwa fupi. Akaskani, tiii, tiii, akaniangalia. "Bosi, uko na kadi ya pointi?"

Nikamwambia sina. Nikachukua risiti, na hiyo moja sikuitupa.